Nyayo Juu ya Nyumba ya Njiwa

Meja Auberon Vaisey alitokea kwenye ngazi za mlango wa jumba la Ashmarden na kikombe cha chai mkononi, kimoja tu, chake, akamtazama mwanamke aliyekuwa akishusha vifaa kutoka kwenye gari.

"Wewe ndiye fundi wa mapaa ya risasi?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani wataniletea mwanamume."

"Na mimi nilidhani nitakuta chai," alisema Nesta Askew, akaendelea kushusha ngazi yake.

Meja alicheka kwa pua. Hakumtambua, na Nesta alihakikisha hilo kwa kumkazia macho mpaka mwenyewe akatazama pembeni. Mara ya mwisho walipoonana Nesta alikuwa na miaka ishirini na jina lake lilikuwa Preece. Sasa ana sitini. Jina la Askew alilipata kwa mume aliyekuja akaenda zake, na katika vyote alivyomwachia mume yule, hilo jina ndilo pekee lililokuja kumfaa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya mazizi ya farasi. Nyumba ya njiwa ya Ashmarden ina pande nane za matofali mekundu, na kuta zake ni nene kiasi kwamba ukipenyeza mkono mzima kwenye kidirisha vidole havitokei upande wa pili. Ndani hamna kitu ila vitundu, mia sita na arobaini, safu juu ya safu kutoka usawa wa magoti hadi kwenye kenchi, kila kimoja kimepinda kwa ndani ili njiwa jike alalie mayai bila kupigwa na upepo. Katikati umesimama mti wa mwaloni unaozunguka juu ya jiwe, nao umebeba ngazi. Usukume kwa kidole tu, ngazi itakupitisha mbele ya kila kitundu ukiokota makinda ya kwenda jikoni. Juu kabisa, kuzunguka kibanda kidogo wanamoingilia ndege, pana njia nyembamba iliyotandikwa mabamba manane ya risasi, ile metali laini ya kijivu ambayo watu wa huko hufunikia mapaa yao ya kale. Serikali ililiweka jengo hili chini ya ulinzi wa sheria tangu mwaka 1952. Mwenye nyumba haruhusiwi kung'oa hata msumari bila kibali.

Wageni wakilipiga picha husema ni zuri, na uzuri linao. Lakini Edmund Vaisey alipolijenga mwaka 1741, njiwa wake walikuwa wakishiba shayiri ya wapangaji wake, na mpangaji aliyethubutu kumrushia njiwa jiwe alifikishwa mbele ya hakimu. Hakimu alikuwa nani? Edmund Vaisey. "Sisi tulilima, ndege wakala, wao wakawala ndege," alikuwa akisema Wilf Preece, baba yake Nesta, aliyekuwa fundi wa kila kitu hapo Ashmarden kwa miaka ishirini na saba. "Ukiutazama ule mnara, binti yangu, jua kuna gunia la babu yako mle ndani."

Mafundi wa risasi wa nchi ile wana desturi moja. Mtu akimaliza paa, au hata akilipanda tu siku ya jua, huweka mguu juu ya risasi, akazungushia kiatu chake ncha ya msumari, kisha akaandika herufi za jina na mwaka. Mapaa ya makanisa yao yamejaa viatu vya marehemu. Pale juu ya nyumba ya njiwa palikuwa na kiatu cha Edmund mwenyewe, chenye ncha butu ya mraba, na herufi E.V. 1741. Mwaka 1972 Wilf alimpandisha binti yake wa miaka minane, akamwonyesha.

"Weka mguu wako hapo kando yake," alimwambia. "Msogelee. Usimwogope."

"Bwana akijua?"

"Bwana hapandi huku, anaogopa magoti yake. Simama vizuri, unatingishika kama jeli."

Wilf akakichora kiatu cha mtoto, akaandika N.P. 1972, na siri ikabaki kwao wawili na njiwa.

Mwaka 1984, wiki ya mavuno, kijiji kiliamka kikakuta mabamba yote manane yameondoka. Jumapili ile, kwenye chakula cha mavuno ndani ya ghala kubwa, watu wote wamekaa, mkate mkubwa wa umbo la mganda wa ngano uko katikati ya meza, Auberon Vaisey alisimama na glasi yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, karithi juzi.

"Mwizi wa risasi yuko hapa, anakula nyama yetu," alisema. "Wilf, hebu simama watu wakuone."

Na Wilf, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akiambiwa simama anasimama, alisimama. Nesta aliyaona masikio ya baba yake yakigeuka mekundu. Hilo ndilo alilolibeba, masikio yale, kwa miaka arobaini.

Polisi walikuta kibandani kwa Wilf kopo la vipande vya risasi alivyokuwa akivitengenezea vizito vya ndoana zake za kuvulia samaki. Ushahidi huo haukutosha kumfikisha mahakamani, na hiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu aliyeshtakiwa anaweza kuachiwa huru, lakini ambaye hakushtakiwa hana wa kumwachia. Bima ikamlipa Auberon, na Wilf akapewa wiki mbili kuhama nyumba ya shamba. Watoto wa kijiji wakamwita Wilf Risasi. Hakuvua tena samaki. Alikufa baada ya miaka miwili, katika chumba cha kupanga juu ya duka la samaki wa kukaanga mjini Leominster, na siku za mwisho alikuwa akimuuliza mkewe kama kuna mtu mlangoni.

Nesta alimzika, kisha akaenda kujifunza ufundi wa risasi. Watu walimshangaa. Alitaka kujua kila kitu kuhusu kile kitu kilichomuua baba yake: kinavyopigwa, kinavyokunjika, na kinavyotunza alama. Paa la njiwa lilikaa miaka yote chini ya mabati ya muda, mpaka halmashauri ilipomlazimisha Meja kulirudishia risasi kama sheria inavyotaka. Tangazo la kazi lilipotoka, Nesta aliomba kwa bei ambayo hakuna fundi mwenye akili timamu angeweza kushindana nayo. Alitaka kulifikia lile paa tu. Atafanya nini akilifikia, alikuwa bado hajui. Wakati mwingine chuki hutangulia na mpango ukafuata nyuma.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha, na Meja akamwita ndani.

"Futa viatu. Nataka na mimi nichorwe kiatu changu kule juu, kama mababu. Njoo nikuonyeshe mfano, bibie, ili usije ukaniharibia."

Akampeleka chumba chake cha vitabu. Juu ya meko, kwenye ubao wa mwaloni, lilitundikwa bamba la risasi la mraba safi, na katikati yake kiatu chenye ncha butu. E.V. 1741.

Nesta alizisoma herufi zile mara mbili.

"Babu yangu aliliteremsha mwaka 1931, kwa usalama," alisema Meja kwa majivuno. "Bahati iliyoje! Maana baadaye tuliibiwa mabamba mengine yote na mfanyakazi wetu. Jamaa mmoja, Price. Au Preece, sikumbuki. Mpole mpole hivi. Hao ndio wabaya."

"Ndio wabaya," alisema Nesta.

"Nilimsimamisha mbele ya watu wote. Hakuwa na hata neno la kusema."

Simu ililia ukumbini na Meja akatoka. Nesta alilisogelea bamba. Yule aliyelitundika alitaka mraba mzuri wenye babu yake katikati, lakini hakulikata, alizikunja tu kingo zake nyuma ya ubao. Risasi ni laini, hukunjwa kama bahasha. Na kushoto kwa Edmund, umbali wa kiganja kimoja, mahali pa kiatu cha mtoto, ndipo palipoanza mkunjo.

Alipenyeza vidole kati ya ubao na ukuta, akapapasa ndani ya mkunjo. Kwanza vumbi. Kisha mstari uliochimbwa, ukiviringika kama kisigino. Kisha mistari mitatu ya herufi, juu, mshazari, juu. Alama ya N.

Angeweza kulia. Badala yake alicheka, kicheko kidogo cha tumboni. Mwizi alichota paa zima akaliuza, akadai na bima juu yake, lakini mguu wa babu yake ulimshinda kuuyeyusha. Mwizi wa kawaida asingefanya kosa hilo, angeuza vyote akalala usingizi. Ni hawa tu wanaoweza kujiwekea ushahidi juu ya meko yao na kuwaonyesha wageni, kwa sababu ya kiatu cha mtu aliyekufa. Na kiatu cha mtoto wa fundi, kilichokuwa hapo hapo kando yake? Kilikunjwa nyuma. Nani angehangaika kukitazama?

Meja aliporudi alimkuta fundi amesimama mbali, mikono nyuma, mpole mpole.

"Meja, nisamehe kusema," alisema Nesta. "Kwa nini unamfungia babu yako ndani? Mahali pake ni kule juu. Upande wa nane bado sijautandika."

"Unaweza kulirudisha?"

"Nikikunjua kingo zake, linakaa pale pale lilipotoka. Ila kabla ya hapo tunalileta kwenye chakula cha mavuno, kijiji kizima kione linavyokunjuliwa. Utoe na hotuba."

Meja alikuwa tayari anaitunga hotuba. "Litadumu miaka mingapi?"

"Likipigwa vizuri? Mia tatu."

"Mia tatu!" alisema Meja, na macho yakamlainika. "Wajukuu wa wajukuu wangu watamwona Edmund."

"Ila ofisa wa majengo atataka maandishi. Lilitoka lini paani, nani aliliteremsha. Uandike kwa mkono wako na utie saini, ndipo kibali kitoke haraka."

Aliandika jioni ile ile. Kwamba bamba hili liliteremshwa na babu yake mwaka 1931, na kwamba tangu mwaka huo halijapanda tena paani. Akatia saini yenye mkia mrefu.

Ofisa wa majengo ya kale aliitwa Cledwyn Maddox, mtu wa miaka hamsini aliyependa karatasi kuliko chakula. Alikuja kulichukua bamba Jumatano.

"Libebe wewe mwenyewe," Nesta alimwambia. "Litie muhuri wako nyuma, kwenye mikunjo yote, na ukae nalo ofisini mpaka Jumapili."

"Si ungelilaza tu garini mwako?"

"Kitu cha 1741? Kikipata mkwaruzo nitaambiwa nimekwaruza mimi. Watu wa risasi tunajulikana kwa wizi na uongo, Bwana Maddox. Tia muhuri."

Maddox alimtazama juu ya miwani, akafungua mkoba wake, akabandika karatasi za muhuri nne na kutia saini juu ya kila moja. Huo ulikuwa usiku wa kwanza Nesta kulala mpaka asubuhi. Angelikunjua bamba lile peke yake, nani angemwamini kwamba kiatu kile hakukichora jana?

Alhamisi mchana aliingia kwenye baa ya kijiji kununua mkate na jibini. Kwenye kona alikaa Dot Hodnett, miaka themanini na mbili, aliyekuwa mpishi wa Ashmarden zamani. Kizee kile kilimkodolea macho mpaka jibini likafika.

"Wewe ni wa Wilf," kilisema. "Una kidevu chake. Usinibishie, nimewalisha ninyi nyote, ninajua videvu."

Nesta alikaa kiti cha mbele yake. "Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Rafiki zangu wote wako makaburini, na wale hata uwaambie nini hawashangai." Dot alizungusha glasi yake ya pombe ya tufaha. Kisha uso ukambadilika. "Nilimwona, unajua. Asubuhi ile. Alfajiri nilitoka kuwasha jiko, nikaliona gari lake linatoka uani na tela nyuma, limefunikwa turubai, magurudumu yamelemewa. Auberon mwenyewe kwenye usukani, hata buti hakuvua."

"Na ulikaa kwenye meza ile, baba yangu akasimamishwa."

"Nyumba yangu ilikuwa ya kwao. Nilikuwa na watoto watatu."

"Baba yangu naye alikuwa na nyumba ya kwao. Naye alikuwa na mtoto."

Dot alianza kulia. Machozi ya wazee huja polepole, na Nesta hakumpa hata kitambaa. Hakuwa na nafasi ya huruma wiki ile.

"Nitakwenda kwa polisi leo leo," alisema Dot. "Nitasema."

"Hutakwenda popote. Umenyamaza miaka arobaini, nyamaza tena siku tatu. Jumapili ukae karibu nami, na nikikuuliza, useme kwa sauti."

Jumapili jua lilitoka. Watu walitoka kanisani wakaingia ghalani, kama miaka yote: meza ndefu, nyama ya nguruwe ya kuokwa, vitunguu vya siki, pai za tufaha, na mkate wa mganda wa ngano katikati. Meja alikaa kwenye kiti kile kile. Nesta alikihesabu kiti cha baba yake kutoka mlangoni, cha sita, akakikalia.

Maddox alilileta bamba, likalazwa mezani kwenye kitambaa cheupe. Meja akasimama na glasi yake. Alieleza habari za Edmund, za babu yake mwenye busara, za mwaka 1931, na hakusahau kugusia wezi. Watu wakapiga makofi kama watu wenye njaa wanavyopiga, harakaharaka.

"Sasa fundi wetu atuonyeshe," alisema.

Nesta alisimama. "Bwana Maddox, muhuri uko salama?"

"Yote minne. Saini zangu."

"Kata mwenyewe."

Maddox akakata. Nesta akaomba taulo na maji ya moto kutoka kwenye birika kubwa la chai. Risasi iliyokunjwa miaka mingi, ukiikunjua kwa pupa, hupasuka kwenye mkunjo, na ikipasuka pale, kiatu cha mtoto kingekatika vipande viwili na baba yake angekufa mara ya pili. Alifunika mkunjo kwa taulo la moto. Akangoja. Akabadilisha taulo. Watu walianza kunong'onezana na Meja akatazama saa.

"Taratibu kama konokono, huyu," alisema mtu, wakacheka.

Akachukua kirungu chake cha mbao na kuanza kugonga kutoka nyuma, kwa mapigo madogo, kila pigo likifungua upana wa ukucha. Mkunjo ulifunguka robo, ukafunguka nusu. Ukalia kidogo, naye akasimama, akauwekea taulo tena. Kisha pigo la mwisho likaulaza.

Alifuta vumbi kwa kiganja.

"Bwana Maddox, soma kilichoandikwa hapo. Kwa sauti."

Maddox aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa. "Kiatu cha mtoto. N.P.," alisoma. Kisha akasoma tena moyoni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya ofisini. "Elfu moja mia tisa sabini na mbili."

Kuna watu ambao hesabu huwaingia polepole, na ukiangalia meza ile ungeona inavyowaingia mmoja mmoja.

"Lilitoka paani mwaka 1931," alisema Nesta. "Meja ameandika na kutia saini. Basi mimi nilipanda lini kuchorwa kiatu changu? Maana N.P. ni mimi. Nesta Preece. Baba yangu ni Wilf Preece, na alisimamishwa kwenye kiti hiki hapa."

"Huu ni upuuzi," alisema Meja. Uso ulikuwa umemvimba. "Mwanamke huyu amechora mwenyewe."

"Muhuri ni wangu, Meja," alisema Maddox. "Na vumbi hili si la wiki hii."

"Dot," alisema Nesta.

Dot Hodnett alishika meza akainuka kwa shida, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Nililiona gari lako, Auberon. Siku ile ya risasi, alfajiri. Wewe na tela lako. Nikanyamaza. Mungu anisamehe mimi, na wewe akuache hivyo hivyo." Akakaa.

Aliye juu mngoje chini, wanasema, ila Nesta hakuwa amengoja, alipanda mwenyewe kumfuata. Aliinama chini ya meza, akatoa mkobani buti moja kuukuu, ngozi imekakamaa, kamba zake za mwisho bado zimefungwa. Akaliweka juu ya bamba, upande wa pili wa Edmund.

"Njoo ulishike," alimwambia Meja. "Nikichora lisiteleze."

Meja alizungusha macho mezani. Watu wale wote, ambao wengi wao walikuwa wapangaji wake na baba zao wapangaji wa baba yake, walikuwa wakimtazama. Alisogea karibu na Nesta, akanong'ona, "Nikilishika, tutakuwa tumemalizana?"

"Shika."

Meza ilikuwa fupi kwake, kwa hiyo ilimbidi apige magoti. Auberon Vaisey, mwenye Ashmarden, alipiga magoti juu ya majani makavu, akalishika buti la Wilf Preece kwa mikono miwili, moja kisiginoni na moja vidoleni, huku binti wa Wilf akilizungushia msumari. Hakuharakisha. Alipofika kwenye mkono wa Meja alisema "sogeza kidole", na Meja akasogeza. Alipomaliza akachimba herufi kubwa, kila moja kwa nafasi yake: W.P. HAKUIBA. 1984.

Masikio ya Meja yalikuwa mekundu. Nesta aliyatazama kwa utulivu mpaka akashiba.

Meja aliinuka akajipangusa magoti. Maddox alikuwa ameshafungua daftari lake.

"Kuondoa risasi kwenye jengo linalolindwa bila kibali ni jinai, Meja, na kosa hilo halizeeki. Kuna na hii karatasi ya uongo uliyonipa. Kesho saa tatu asubuhi, uje na wakili. Habari za bima, hizo watakuuliza polisi."

Meja alimgeukia Nesta. "Nilidhani tumemalizana!"

"Ulidhani," alisema Nesta. Akajikatia kipande cha ule mkate wa mganda, akakila akiwa amekaa kwenye kiti cha sita. Baba yake hakuwahi kukimaliza chake.

Jumanne alilipandisha bamba. Meja alikuwa amejaribu kulizuia, akapiga kelele kwenye simu asubuhi nzima, lakini kibali kilikuwa kimeshatoka, na mwombaji alikuwa yeye mwenyewe, kwa saini yake yenye mkia. Tena Maddox alimsomea sheria mara mbili: likishatandikwa litakuwa sehemu ya jengo, alama zake zote ni sehemu ya jengo, na atakayelikwaruza, kulifunika au kuling'oa atajibu mahakamani, yeye na watakaorithi baada yake.

Nesta alilitandika pale pale lilipotoka. Aliigonga mishono kwa kirungu, akaikunja juu ya ukingo wa mbao, akaigonga tena. Edmund alikaa katikati, kulia kwake buti kubwa, kushoto kwake kiatu kidogo kisichomwogopa. Kiatu cha Meja hakikupata nafasi. Njiwa wawili walitua juu ya kibanda wakamtazama akikusanya vifaa.

Aliposhuka alimkuta Meja amesimama chini kwenye nyasi, bila kikombe, ameinua uso kuangalia paa. Alionekana mzee kuliko Jumapili. Hakutukana.

"Ulisema litadumu miaka mingapi?"

"Mia tatu, likipigwa vizuri," alisema Nesta, akapakia ngazi garini na kuifunga kwa kamba. "Nami nimelipiga vizuri sana."